Kuchagua magurudumu mepesi ya alumini kwa ajili ya mlima, ukiwa mkazi wa Malindi

Malindi ni tambarare. Toka Lamu Road hadi Gede, au vuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui, na kitakachokusumbua zaidi ya mwinuko wowote ni matuta ya barabarani. Mwendesha baiskeli wa hapa anayetaka mlima wa kweli hufunga safari: aende Taita, kwenye kona za kupanda kutoka Mwatate hadi Wundanyi, au mbali zaidi, kutoka Bonde la Kerio hadi Iten iliyo kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo magurudumu utakayonunua kwa ajili ya mlima yatapanda mlima siku chache kwa mwaka. Siku zilizobaki yatakula chumvi, mchanga na matuta. Ukichagua kwa kuangalia gramu peke yake, chumvi itayamaliza kabla hujayafaidi.

Gramu zina thamani gani

Tuchukue mtu na baiskeli yake, maji yakiwemo, jumla kilo 80. Anapanda kilomita 10 za mwinuko wa asilimia 7, akikanyaga kwa wati 200. Itamchukua dakika 52 hivi. Akitoa magurudumu ya gramu 1,900 akaweka ya gramu 1,500, amepunguza nusu ya asilimia moja ya mzigo wote, na atafika juu sekunde kama 15 mapema. Basi.

Utasikia watu wakisema gramu moja ya ringi, lile duara la nje linaloshika tairi, ni sawa na gramu mbili za fremu. Ni kweli, lakini wakati wa kuongeza kasi tu. Kutoka kusimama hadi kilomita 15 kwa saa, gramu 400 zilizo kwenye ringi zinadai jouli 7 hivi, na miguu ya wati 200 inazitoa kabla hujamaliza kupepesa jicho. Ukishashika mwendo wako mlimani, gramu ya ringi na gramu ya chupa ya maji hazina tofauti.

Magurudumu mepesi yana raha yake: baiskeli inaitika haraka unapotoka kwenye kona, na nyepesi mara nyingi huja na habu (kitovu cha gurudumu) nzuri zaidi. Ila kumbuka kipimo hiki kila muuzaji anapokutajia gramu: gramu 400 ni sekunde 15, gramu 30 ni sekunde moja. Na kama shida yako ni miguu kufa kwenye asilimia 10, kaseti (rundo la gia za nyuma) ya 11-34, yaani ya meno 11 hadi 34, itakusaidia kuliko ringi yoyote, mradi dereila yako ya nyuma, ile inayohamisha mnyororo, inakubali gia ya meno 34.

Kabla ya magurudumu, tairi na tyubu

Hapa ndipo pesa ndogo inaponunua gramu nyingi. Tyubu ya kawaida ya mpira, ya tairi la milimita 28, ina gramu 100 au zaidi kidogo. Tyubu za plastiki laini ya TPU zina gramu 30 hadi 40. Jozi moja inakupunguzia gramu 130 hivi. Tairi la bei rahisi lenye waya ukingoni hupita gramu 350. Tairi zuri la kukunjwa la upana huohuo lina gramu 250 hadi 280, na linabingirika kwa urahisi zaidi barabarani, jambo linalokufaa hata hapa tambarare ambako upepo wa kusi ndio mlima wetu.

Tahadhari mbili za TPU. Kwanza, kama breki zako zinashika ringi, soma pakiti: baadhi ya watengenezaji wanakataza kabisa, kwa sababu ringi hupata moto kwenye mteremko mrefu na tyubu inalainika. Pili, kiraka cha kawaida na gundi ya fundi wa barabarani havishiki kwenye TPU; inahitaji viraka vyake. Beba TPU kwenye magurudumu na tyubu moja ya mpira kwenye mkoba.

Ukifanya haya tayari umepunguza karibu gramu 300, na magurudumu bado ni yale ya zamani.

Yaingie kwenye baiskeli yako kwanza

Magurudumu mengi ya bei nzuri hurudishwa au hulala dukani kwa sababu mnunuzi hakupima. Baiskeli za mtumba zinazoshuka bandarini ni za miaka na nchi tofauti, usikisie. Saizi kwanza: soma ubavuni mwa tairi, utafute namba 622. Hiyo ndiyo ringi ya 700C. Zipo baiskeli za zamani zenye 630, na tairi la moja halikai kwenye nyingine.

Kisha breki. Kama ni za kushika ringi, unahitaji ringi yenye ubavu uliosawazishwa kwa ajili ya breki. Ringi za diski hazina ubavu huo, na ukizifunga kwenye baiskeli ya breki za ringi utazitoboa. Baada ya hapo pima upana kati ya miguu ya uma, mbele na nyuma. Baiskeli ya breki za ringi kwa kawaida ni milimita 100 mbele na 130 nyuma, kwa ekseli ya kufungua kwa mkono. Za diski za kisasa ni ekseli nene ya milimita 12, upana 100 mbele na 142 nyuma. Za diski za awali zilikuwa 135 nyuma na ekseli nyembamba.

Mwisho ni bodi ya friwili, pale kaseti inapoketi. Bodi ya Shimano ya gia 11 za barabara ni ndefu kuliko ya gia 8, 9 na 10 kwa milimita 1.85. Kaseti ya gia 8 hadi 10 inaingia humo ukiweka washa ya milimita 1.85 nyuma yake. Kaseti nyingi za barabara za gia 11 hazikai kwenye bodi fupi ya zamani, hata ukaze vipi. Kaseti nyingi za barabara za gia 12 za kampuni ya SRAM zinataka bodi ya XDR, na kampuni ya Campagnolo ina yake. Mwulize muuzaji jina la bodi. "Inaingia Shimano" si jibu kamili.

Ringi

Katika gurudumu la alumini, ringi ndiyo inayobeba uzito mwingi. Ringi ya kawaida ya baiskeli ya dukani ina gramu 500 hadi 600. Nyepesi nzuri za alumini ziko kati ya gramu 410 na 470. Chini ya 400 zipo, lakini ukuta wake ni mwembamba, na kwa breki za ringi kila unapobana breki unakwangua ukuta huohuo. Mchanga wa Malindi ukiingia kwenye mpira wa breki unakuwa msasa. Ringi ya gramu 380 inayofaa barabara safi ya Ufaransa haitachukua muda mrefu kati ya Watamu na Malindi mjini.

Upana wa ndani ni jambo ambalo wengi hupuuza kwa kutazama mizani. Milimita 19 hadi 21 ndani inashika tairi la 28 vizuri, na unaweza kushusha presha bila tairi kuyumba kwenye kona. Ringi za zamani za milimita 15 ni nyepesi, ila zinafaa tairi za 23 na 25. Kwa mtu wa kilo 70 na tairi la 28, psi 70 hadi 80 inatosha. Usijaze 110 kwa mazoea ya zamani, utapigwa na kila tuta na spoki zitapigwa nawe.

Kina cha ringi kiwe milimita 24 hadi 30. Ni nyepesi, na kaskazi au kusi ikikupiga ubavuni haikusukumi kwenye matatu. Chagua ringi yenye kingo za kushika tairi. Zile zisizo na kingo zina kikomo cha bar 5, yaani psi 72.5, na zinakubali tairi maalumu tu. Ukipewa tairi lolote la dharura njiani, ringi yenye kingo italipokea.

Kwa mteremko, alumini ina jambo moja la kujivunia mbele ya kaboni: ukishuka kutoka Wundanyi na breki za ringi, inapata moto lakini inautoa haraka, na breki inashika hata mvua ikinyesha. Kwa bei unayolipa, usione aibu kukosa kaboni.

Spoki na nipeli

Nipeli ni vile vinati vidogo vinavyokaza spoki kwenye ringi. Ukisahau kila kitu kwenye makala haya, kumbuka hizi: dai za shaba nyeupe, usikubali za alumini.

Sababu yake ni hii. Spoki nzuri ni chuma kisichoshika kutu. Alumini na chuma hicho vikigusana penye maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yao na alumini ndiyo inayoliwa. Hapa pwani hata baiskeli isiyotolewa nje hupata chumvi kutoka hewani. Kwanza unaona unga mweupe pale spoki inapoingia kwenye nipeli. Halafu nipeli inagandana na spoki. Siku ringi inacheza na fundi anataka kuinyoosha, nipeli inageuka mviringo ndani ya spana au inapasuka kichwa. Mara nyingi gurudumu zima linafumuliwa kwa ajili ya nipeli tatu.

Na faida ya hatari hiyo? Nipeli ya shaba ina gramu 1 hivi, ya alumini theluthi moja yake. Kwa spoki 52 unaokoa gramu 35 hivi. Hiyo ni sekunde moja na kidogo kwenye ule mlima wa dakika 52, sawa na kunywa funda moja la maji kabla ya kuanza kupanda.

Punguza uzito kwenye spoki zenyewe. Spoki ya unene mmoja wa milimita 2.0 ina gramu 6.5 hadi 7. Iliyopunguzwa katikati, 2.0/1.8/2.0, kama DT Swiss Competition au Sapim Race, ina gramu 5.5 hadi 6. Nyembamba zaidi, kama DT Revolution, au ya bapa kama Sapim CX-Ray, iko gramu 4 na kidogo. Hizi zilizopunguzwa zinadumu zaidi, si kidogo: katikati panavutika kama mpira, kwa hiyo kwenye tuta spoki haikatiki kirahisi shingoni. CX-Ray ni ghali; 2.0/1.8/2.0 ndiyo yenye akili kwa mfuko wa kawaida.

Idadi inategemea mwili wako. Chini ya kilo 70, spoki 20 mbele na 24 nyuma zinatosha kwa breki za ringi. Kilo 70 hadi 85, chukua 24 na 28. Zaidi ya hapo 28 na 32, na usikubali mtu akuambie vingine kwa sababu ya gramu 50 hivi. Kwa diski ongeza mbele, ziwe 24 kwa uchache, zikiwa zimepishana, kwa sababu breki inavuta kutoka kwenye habu.

Jambo la mwisho la spoki ni kupatikana. Spoki yenye shingo iliyopinda fundi yeyote anaijua, na ya urefu wako inaweza kutafutwa Mombasa au Nairobi. Spoki iliyonyooka ya mtengenezaji fulani, yenye kichwa chake cha pekee, ikikatika Jumamosi jioni itakusimamisha hadi iagizwe.

Habu

Kuna mifumo miwili. Shimano hutumia gololi huru zinazokaa kati ya kikombe na koni. Ni nzito kidogo, lakini fundi akiwa na spana nyembamba za koni na grisi anaifungua, anaisafisha na kuirudisha kwa nusu saa, na gololi ni rahisi. Ukiiacha bila grisi, koni inachimbika, na kikombe kikichimbika habu imekwisha. Wengine wengi hutumia beringi za kufungwa. Hizi hazitaki marekebisho, zikichakaa zinagongwa nje na mpya kuingizwa.

Kwa beringi, taka namba zinazouzwa popote: 6902, 6802, 6001. Ziwe na herufi 2RS, maana yake zina mpira pande zote mbili. Namba hizo duka la beringi la viwandani Mombasa linazifahamu bila hata kuambiwa ni za baiskeli.

Bodi ya friwili ya alumini ni nyepesi, lakini kaseti yenye vipande vilivyotengana inaichimba mistari, na siku ya kutoa kaseti utahitaji nyundo. Bodi ya chuma, au ya alumini yenye ukanda wa chuma, inastahili gramu zake.

Hesabu ya jozi nzima

Hii hapa jozi ya kujengwa kwa mkono, spoki 24 mbele na 28 nyuma, breki za ringi: ringi mbili za gramu 440 ni 880, habu mbili 350, spoki 52 za 2.0/1.8/2.0 ni 296. Nipeli 52 za shaba ni 52. Jumla gramu 1,578. Ukiweka spoki nyembamba zaidi unafika gramu 1,506. Hapo alumini ya bei ya kawaida imefika karibu na mwisho wake, na mtu akikuuzia jozi ya alumini ya gramu 1,300 kwa bei rahisi, muulize alichokiondoa.

Kwa zilizotengenezwa tayari, Shimano RS100 ni gramu 1,900 hivi, imara, ya mazoezi ya kila siku. Campagnolo Zonda na Fulcrum Racing 3 za breki za ringi ziko gramu 1,550 hivi. Ni nzuri kweli, ila spoki zake ni za pekee, kwa hiyo ukinunua jozi agiza na spoki za akiba papo hapo. Za diski ongeza gramu 100 hadi 200 kwa daraja lilelile, bila kuhesabu diski zenyewe.

Gramu zinazoandikwa na watengenezaji kwa kawaida hazihesabu ekseli za kufungua, mkanda wa ringi wala vali. Ukinunua nje ya nchi, kwenye bei ongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 kabla ya kulinganisha na bei ya Nairobi. Mara nyingi jozi "rahisi" ya mtandaoni inapitwa na ringi na spoki za kuagiza pamoja na ujira wa fundi mzuri, hasa kama habu zako za sasa ni nzima.

Ukinunua ya mtumba

Nenda mchana, si chini ya taa. Weka rula iliyonyooka kwenye ubavu wa breki: ikiacha mwanga katikati, ubavu umeliwa. Ringi nyingi huwa na tundu dogo au mfereji wa kuonyesha uchakavu. Ukitoweka, ringi imekwisha. Ubavu mpya huwa milimita 1.3 hadi 1.6, na ukishuka chini ya 1 usinunue hata ukibembelezwa. Pitisha kidole na jicho kwenye kila tundu la spoki upande wa ndani: ufa mwembamba kama unywele unaotoka kwenye tundu ni kifo cha ringi, wala hauzibwi kwa kulehemu.

Kisha shika ekseli kwa vidole uzungushe. Ukisikia kama mchanga ndani, kata bei ya beringi. Ukisikia vigingi, yaani inakwama mahali palepale kila mzunguko, ni kikombe kilichochimbika. Mwisho mwombe fundi ajaribu kuzungusha nipeli tano tofauti, robo mzunguko mbele na kurudi. Zisipogeuka, umenunua ringi na habu tu, si gurudumu.

Yakifika

Pima kwenye mizani ya jikoni kabla ya kuweka chochote. Bana spoki mbili mbili kwa mkono upande mmoja mmoja: ziwe na ugumu sawa. Kwa kipimo, upande wa kaseti nyuma uwe kilo 100 hadi 120 za mvuto, bila kupita kikomo cha mtengenezaji wa ringi. Upande wa pili utakuwa chini sana na hiyo ni kawaida. Ulegevu ndio unaokata spoki, kwa sababu spoki inalegea na kukazwa kila mzunguko hadi shingo inachoka. Mtu mzito kwenye mwinuko, akisimama kwenye pedali, ndiye anayeugundua ulegevu huo kwanza.

Weka mkanda wa ringi unaofunika matundu yote kutoka ukingo hadi ukingo. Mkanda mwembamba unateleza, tyubu inaingia tundu, na pancha yake hutokea upande wa ndani wa tyubu, kwa hiyo watu hulaumu tairi bure. Kaza nati ya kaseti kwa nyutonmita (Nm) 40. Paka grisi kidogo kwenye bodi kabla ya kaseti kuingia, na kwenye nyuzi zote: hapa Malindi chuma kisichopakwa grisi huolewa na alumini. Baada ya kilomita 200 za kwanza, rudi kwa fundi akague mchezo na mkazo.

Kila ukirudi kutoka barabara ya pwani, mwagia maji baridi yasiyo ya chumvi, kidogo kidogo, si kwa mashine ya kuoshea magari inayosukuma maji ndani ya beringi. Maji ya visima vingi vya huku yana munyu. Tumia ya bomba au ya mvua. Kausha, kisha kila mwezi tone dogo la mafuta pale kila spoki inapoingia kwenye nipeli, ukifuta ubavu wa breki baadaye kwa spiriti.

Na safari ya Taita ikifika, usiache baiskeli ilale juu ya magurudumu kwenye buti la basi. Toa yote mawili, toa na ekseli za kufungua, funga kila moja kwa blanketi au kanga nzito kuukuu, na uyasimamishe wima, kaseti ikitazama ndani. Kwenye mkoba wa zana weka spoki mbili za kila urefu. Gurudumu la nyuma lina urefu wa aina mbili, upande wa kaseti na upande wa pili, na spoki ndefu kwa milimita 2 haitakazwa vizuri popote.